Simile! Uhakiki wa Chapa Nene ya Mlazo

Tumezoea, sisi wahakiki wa fasihi ya Kiswahili, kuigawa kazi ya sanaa mafungu mawili, fani na maudhui. Na tukishafika kwenye fani huanza kuhesabu: lugha, wahusika, mandhari, muundo, tamathali za usemi. Mwandishi wa makala haya hajapata kuona mhakiki aliyeongeza katika hesabu hiyo sura ya herufi ambazo kwazo kazi yenyewe imepigwa chapa. Jambo hilo huachiwa mpiga chapa, kama vile lilivyo jambo la gundi na uzi wa kushonea kurasa. Mwenzangu mmoja idarani aliposikia kuwa naandika juu ya herufi alicheka, akaniuliza kama sasa nimeacha kusomesha isimu nimekwenda kufungua duka la mabango. Swali lake si la kupuuzwa, nami natumaini kulijibu, ingawa si kwa njia aliyoitarajia.

Chapa ninayokusudia kuihakiki ni ile iitwayo Thorowgood Italic. Ni chapa ya vichwa na matangazo, si ya kusomea kitabu kizima. Sifa zake ni tatu, nazo zafaa zielezwe kwa maneno ya kawaida. Kwanza ni nene, nene kupita kiasi: msimamo wa herufi kama n umejazwa wino hata upana wake unakaribia nusu ya kimo cha herufi yenyewe. Pili, ina serifu, yaani vile vijistari vinavyomalizia ncha za herufi. Lakini hapa vijistari hivyo, pamoja na viungo vinavyoshikanisha mguu mmoja wa herufi na mwingine, vimekondeshwa vikawa kama uzi wa buibui. Tatu, imelala upande wa kulia, ndiyo maana tunaiita ya mlazo. Mtu aitazamapo kwa mara ya kwanza huona weusi mtupu ulioinama. Nyuzi zile haonyeshwi mpaka akaribie.

Asili yake haina budi kuelezwa, kwa sababu tabia ya herufi, kama tabia ya neno, haifahamiki bila ya kujua ilikotoka. Mlazo ulizaliwa Venice. Huko Aldus Manutius alimpa Francesco Griffo kazi ya kuchonga herufi zilizofuata mwandiko wa mkono wa wasomi wa wakati ule, na mwaka 1501 akatoa kazi za Virgil zikiwa zote, tangu mwanzo hadi mwisho, katika herufi hizo. Hili ni la kukumbukwa. Siku hizi tunaujua mlazo kama mtumishi: huitwa kuja kuonyesha neno la kigeni, jina la kitabu, au neno lililokazwa, kisha huambiwa aende zake, na herufi za wima zikaendelea na shughuli. Hapo mwanzo haukuwa hivyo. Ulikuwa mwandiko kamili wenye nyumba yake. Utumishi ulikuja baadaye, wapiga chapa wa Ulaya walipoanza kuchanganya wima na mlazo katika ukurasa mmoja.

Unene nao ulikuja baadaye zaidi, na ulikuja kwa sababu ya biashara. Mwanzoni mwa karne ya 19 kuta za London zilijaa matangazo: ya michezo ya kuigiza, ya minada, ya magari ya farasi, na hasa ya bahati nasibu ya serikali, ambayo iliendelea hadi mwaka 1826. Herufi za vitabu zilikuwa hazionekani ng'ambo ya njia. Wasubu herufi wakazipanua. Aliyetajwa zaidi na watu wa zama zake kuwa ndiye chanzo cha mtindo huo ni Robert Thorne, mwenye kiwanda cha kusubu herufi katika Fann Street. Thorne alifariki mwaka 1820, na kiwanda chake kikauzwa kwa mnada. Aliyekinunua ni William Thorowgood, mtu ambaye hakuwa wa kazi hiyo kabisa, na husimuliwa kwamba fedha alizonunulia zilitokana na bahati nasibu. Kama masimulizi hayo ni ya kweli, basi herufi zilizokuwa zikiita watu waje kununua tikiti zilinunuliwa kwa tikiti. Jina lililobaki katika chapa ni lake, si la mchongaji. Nasi tunaofundisha historia ya fasihi hatuna haki ya kumshangaa Thorowgood kwa hilo. Tazameni ni tenzi ngapi zilizobeba jina la mnakili.

Wajuzi wa wakati ule waliichukia aina hii ya herufi. William Savage mwaka 1822, na T. C. Hansard katika kitabu chake Typographia mwaka 1825, wote wawili waliulaumu unene huu mpya. Kwao herufi ilikuwa chombo cha kusomwa, si cha kutazamwa. Ilipita zaidi ya karne moja kabla hukumu hiyo haijapinduliwa na watu wenye elimu: Nicolete Gray alitoa kitabu chake juu ya herufi za mapambo za karne ya 19 mwaka 1938, akaonyesha kwamba zina uzuri wake na kanuni zake, na mwaka 1953 kampuni ya Stephenson Blake ya Sheffield, iliyokuwa imerithi mali ya Fann Street, ikaitoa upya chapa ya Thorowgood, ya wima na ya mlazo. Baadaye ikaingia katika mashine za picha, kisha katika kompyuta, na leo mwanafunzi yeyote aweza kuipata, au kupata nduguye, bila ya kulijua jina lake. Kuwa nayo bila ya kuijua ndiko kunakotuleta kwenye hoja.

Lakini kwanza niseme kwa nini naipenda. Wengi husema kwamba mlazo ni alama ya mwendo, na kwamba herufi iliyoinama ni herufi inayokimbia. Hilo huenda likawa kweli kwa mlazo mwembamba wa Griffo, uliotokana na kalamu yenye haraka. Si kweli kwa huu. Mtazame hamali wa bandarini aliyebeba gunia, au wa mkokoteni anayesukuma shehena kupandisha kilima: ameinama mbele, lakini hakuinama kwa sababu anakimbia. Ameinama kwa sababu ya mzigo. Angesimama wima angeanguka chali. Chapa hii imeinama hivyo. Uzito wake ndio unaoilaza, na mlazo wake ndio unaoifanya iuweze uzito. Kimoja kikiondolewa cha pili hakieleweki. Ile ndugu yake ya wima, iliyo nene vilevile, naiona imezubaa kama jiwe la kusagia lililowekwa mlangoni. Hii ya mlazo ina kicheko ndani yake. Ni kubwa, inajua kuwa ni kubwa, na bado inatembea kwa vidole vyembamba.

Na hamali, kama wenyeji wa pwani wajuavyo, haendi kimya. Hupiga ukelele: simile! Maana yake, nipisheni njia, kuna mzigo unapita. Sidhani kama lipo neno la Kiswahili liwezalo kueleza kazi ya chapa hii kuliko hilo. Simile si habari. Haisemi gunia lina nini wala linakwenda wapi. Nayo husemwa mara moja au mbili, basi. Hamali atakayekwenda akisema simile kutwa nzima, barabara ikiwa tupu, watu watamwona ana wazimu.

Sasa tuingie katika lugha. Hapa ndipo ninapotofautiana na wapiga chapa wetu, na pia na baadhi ya wafasiri wetu.

Mwingereza akitaka kusema kwamba hakumwona Juma, aweza kuyaacha maneno yote mahali pake na kulikaza moja tu kwa sauti, na maana ikageuka: si yeye aliyemwona, ni mwingine, au hakumwona, alimsikia tu, au hakumwona Juma, alimwona mtu mwingine. Sarufi haikuguswa. Kazi yote imefanywa na koo. Kwa kuwa koo halionekani kwenye karatasi, mlazo umepewa kazi ya kulichora, nao kwa Kiingereza ni alama yenye faida kubwa. Kiswahili kwa kiasi kikubwa kimeipa sarufi kazi hiyo. Twasema: sikumwona Juma, Juma sikumwona, si mimi niliyemwona Juma, Juma siye niliyemwona. Tuna ndiye na siye, ndicho na sicho, kwa kila ngeli. Tuna uhuru wa kulitanguliza neno, tuna takriri, tuna tu na hasa. Sisemi kwamba Mswahili hakazi sauti, anakaza. Nasema kwamba akitaka kukaza ana zana zilizo ndani ya sentensi, na zana hizo huonekana kwenye karatasi bila ya msaada wa mpiga chapa.

Kwa hiyo tamthilia ya Kiingereza ifasiriwapo, na mfasiri akachukua kila neno lililolazwa akalilaza na yeye, hakufasiri. Amehamisha alama ya koo la Mwingereza akaiweka juu ya neno la Kiswahili ambalo lilikuwa na njia yake yenyewe. Ameandika wewe kwa mlazo mahali ambapo palitaka wewe ndiwe. Na mwigizaji wetu, akilikuta neno hilo, hulipigia kelele, kwa sababu hajui alifanyie nini jingine. Nimewasikia wakilipigia kelele. Isitoshe, mkazo wa neno la Kiswahili umefungwa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, ila kwa maneno machache. Na pale penye tofauti ya kweli, kama barabara ipitayo magari na barabara yenye maana ya sawasawa, mlazo hauwezi kutusaidia, kwa kuwa unalilaza neno zima na haujui silabi.

Ikiwa ndivyo, je, tuuache mlazo? La. Ndipo faida ya chapa yetu nene inapoonekana, maana katika bango mlazo si alama ya kisarufi tena. Neno zima, au mstari mzima, umelala. Hakuna neno la wima pembeni yake la kulinganishwa nalo. Basi hakuna kilichokazwa kuliko kingine. Kilichobaki ni sauti na umbo tu. Chapa hii imeurudishia mlazo ile hadhi aliyoipa Aldus, ya kuwa mwandiko kamili, ingawa Aldus mwenyewe angeuona unene wake angekimbia.

Hata hivyo herufi ni za lugha, na kila lugha huzipanga kwa wingi wake. Alfabeti ya Kitaliano haina k wala w wala y. Ni herufi za kuazima. Kwetu ndizo nguzo za nyumba. Sanduku la herufi za risasi lililopangwa kwa kipimo cha Kiingereza huwa na e nyingi kuliko herufi zote, nasi tunataka a. Tazama pia mapambo yenyewe. Katika chapa za jinsi hii baadhi ya herufi, kama c, f na r, humalizikia kwa kitone cha mviringo, na kitone hicho ndicho kinachoupa mstari uchangamfu wake. Kiswahili hakiiandiki c ila ndani ya ch, nazo f na r ni wageni wa mara mojamoja ukizilinganisha na k, m, n na w. Kwa hiyo tunapata unene wote, mapambo hatuyapati. Tunachopata kwa wingi ni k, herufi ambayo msimamo wake, mkono wake na mguu wake hukutana mahali pamoja, na katika chapa nene mahali hapo huwa doa. Kiingereza huiona k mara moja moja. Andika kwa chapa hii kikosi kikakamilika, uhesabu madoa.

Kisha tazama kimo. Maneno yetu mengi hayana vichwa wala mikia: mwanamume, wanawe, uwezo, maneno, amani. Yamelala chini kwenye mstari kama ukuta wa ua. Msomaji wa mbali hulitambua neno kwa umbo lake la nje, kwa herufi zipandazo na zishukazo. Neno lisilo na hizo humlazimu kutazama ndani, na ndani, katika chapa hii, ni misimamo minene ya mlazo iliyoungwa kwa nyuzi. Katika herufi n, uzi hupanda kutoka mguu wa kwanza ukapinda juu na kuingia katika wa pili. Katika u, mguu wa kwanza hupinda chini, na uzi ukapanda kwenda kwa wa pili. Zaidi ya hapo hakuna tofauti kubwa. Uzi ukikatika, n ni miguu miwili minene iliyoinama, na u ni miguu miwili minene iliyoinama.

Miaka mitatu iliyopita wanafunzi wa mchezo wa kuigiza walitaka bango. Kiwanda kimoja kidogo cha chapa mjini kikawatengenezea kwa chapa ya jamii hii, likapendeza kweli, kisha wao wakalitoa nakala kwa mashine iliyokuwa imechoka. Chini ya jina la mchezo palikuwa na mstari mmoja wa kuwavuta watu: Leo kuna mgeni. Jioni nilipokuwa natoka, askari wa lango, mtu msomaji wa magazeti na mwenye adabu nyingi, alinisimamisha akanielekeza ng'ambo ya njia.

"Mwalimu," akaniuliza, "huyo mgeni auawa kwa kosa gani?"

Nikageuka, nikasoma. Leo kuua mgeni. Nilisoma mara ya pili na bado ilikuwa kuua. Mashine ilikuwa imezila nyuzi zote, na kutoka pale tuliposimama hapakuwa na njia yoyote ya kumpinga.

Jambo hili si la bahati mbaya tu. Lina mzizi katika lugha. Shina -na la kuwa na kitu, na kitenzi -ua, yote mawili ni mafupi mno, nayo hukutana na viambishi vinavyofanana. Ana na aua, wana na waua, kuna na kuua, mwana na mwaua: yote ni maneno kamili, na yote huweza kusimama mahali pa mwenziwe bila ya sentensi kulalamika sana. Ongeza anza na auza, pana na paua. Kiingereza hakina jozi nyingi za namna hii, kwa hiyo wasubu herufi wa Fann Street hawakuwa na sababu ya kuogopa. Uzi ukikatika katika bango lao, msomaji huona neno lisilo neno, naye hulisahihisha mwenyewe. Kwetu huona neno jingine. Hapo ndipo ninapomjibu mwenzangu wa idarani: kama sura ya herufi yaweza kugeuza kitenzi, basi si ya duka la mabango peke yake, ni mali ya mwanaisimu pia.

Wazee wetu waliokuwa wakiandika kwa hati ya Kiarabu waliijua hatari hii vizuri. Katika hati ile nukta moja ikianguka neno ni jingine, na mnakili aliyefundishwa vyema aliilinda nukta yake. Walipotaka kukuza au kupamba hawakulilaza neno. Waliweza kuivuta herufi ikarefuka mstarini, na katika baadhi ya miswada kalamu ilichovywa katika wino mwekundu. Ukubwa na wekundu havikugusa nukta. Chapa nene ya mlazo hukuza kwa njia iliyo kinyume: hulisha mwili na kukondesha mishipa. Sehemu inayotenganisha neno na neno ndiyo iliyonyimwa wino.

Kutokana na hayo mtu aweza kuona ifae wapi. Itumike kwa ukubwa, maana ikipunguzwa nyuzi hufa kwanza. Itumike kwenye karatasi njema, isipitishwe katika mashine ya nakala mara mbili. Neno liwe fupi. Hili kwa Kiswahili ni sharti gumu, kwa kuwa hawatatusahau ni neno moja lenye herufi kumi na tatu, nalo Mwingereza angelikata vipande vitano akavipanga safu kwa safu apendavyo. Sisi tukilikata tunahitaji kistari, na kistari katika bango ni kama kikohozi katika khutba. Basi nomino kuliko kitenzi. Tena nomino yenye kupanda na kushuka: Shibe, Kitahanani, Daladala, Gogo, Hila, Pili, Bahati. Liandike Bahati kwa chapa hii, peke yake, na nafasi nyeupe pande zote, utaona jinsi B inavyovimba, h na t zinavyochomoza, na neno zima linavyoondoka kama lililosukumwa mgongoni. Bahati nasibu ndiyo iliyoizaa, na nafikiri hata leo hakuna neno la Kiswahili linaloikaa vizuri zaidi.

Ama kuiweka katika jalada la diwani, au juu ya kila makala ya jarida la kitaaluma kama ilivyopendekezwa na baadhi yetu katika mkutano wa wahariri, hapo nakataa. Makala kumi, simile kumi. Wasomaji wetu ni wachache na njia ni pana.

Wale wanafunzi niliwaita kesho yake, nikawashauri wabadilishe chapa. Walikataa, nami sikuwalaumu, kwa sababu bango lilikuwa zuri na fedha zilikuwa zimekwisha. Tukabadilisha sentensi. Mstari mpya ulisomeka: Mgeni yupo. Nyuzi zikakatika tena kama kawaida yake, lakini y ilishuka, p ikashuka, na yule askari wa lango aliponiona alitikisa kichwa tu, akanifungulia.